Niliona Aibu Kumpelekea Mdogo Wangu Chakula Gerezani

Niliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na begi moja, watu wa Bukirasazi walisema sitafika popote. "Hawa wa kambini wanajua kupanga foleni ya mahindi tu." Nikasoma. Leo nina diploma ya ujenzi, na nyumba nyingi nzuri mnazoziona Gitega mjini zimepita mikononi mwangu. Nasema bila aibu.

Aibu yangu iko kwingine, na kosa ni langu mwenyewe.

Mdogo wangu wa kike aliolewa Giteranyi, huko Muyinga. Mumewe alileta mwanamke mwingine, nyumba ikaungua, na mdogo wangu, akiwa mjamzito, akashtakiwa kwamba ndiye aliyeichoma. Akafungwa. Mpaka leo kesi yake inaahirishwa tu. Mara jaji hayupo, mara gari la kuwapeleka mahakamani halina mafuta. Alijifungulia humo humo.

Gerezani wanapewa unga na maharage. Mafuta, sabuni, vitambaa vya hedhi, hayo ni juu ya ndugu. Mtoto mchanga hana fungu lake kabisa! Ndiyo maana kwetu kuna kugemura: ndugu anapanga foleni mlangoni na kapu la chakula.

Na mimi nilipotoka kambini niliapa kwamba sitasimama tena kwenye foleni ya chakula. Mke wangu alitaka kwenda, nikamkataza. Nikasema hiyo ni kazi ya mumewe. Mume yupi? Yule hakutia mguu hata siku moja!

Mwaka ukapita hivyo. Kisha mwanamke mmoja aliyeachiliwa akanifuata kazini, mbele ya mafundi wangu.

"Bosi, mdogo wako anakula kwa mikopo. Sahani ya huyu, sabuni ya yule. Na maziwa yamekauka."

Nilikodi gari, nikapakia magunia. Kwenye foleni nilikuwa mwanamume pekee. Bibi mmoja akaniambia, "Papa, usihangaike kutafuta foleni ya wanaume. Haijawahi kuwepo." Wenzake wakacheka. Kweli tupu! Mwanamume akifungwa, mke na mama wako mlangoni. Mwanamke akifungwa, tunahesabu kwamba amekufa.

Mdogo wangu aliletwa mlangoni amekonda, mtoto mgongoni. Hakunilaumu. Aliwaita wafungwa wenzake, akaanza kugawa: mafuta kwa aliyempikia siku ya kujifungua, mchele kwa aliyempa kitenge cha kumfunika mtoto, sabuni kwa wengine. Alilipa kila aliyemkopesha.

Mlinzi akamuuliza mimi ni nani wake.

"Tulikuwa pamoja kambini," akajibu.

Wanaume wenzangu mlio na dada, mke au mama huko ndani, nendeni wenyewe, na mwende wakati bado anawadai. Mimi, siku ile alipomlipa wa mwisho, nilijua kwamba hanidai chochote tena, hata undugu.