Taji la Manyoya

Binti yangu amerudi nyumbani kwetu Stafford na kazi ya mikono ya shule, na harufu yake ya gundi na manyoya ya ndege imenirudisha utotoni, kwenye ukumbi mmoja wa shule, pembezoni mwa Houston, Marekani.

Mwalimu alikuwa ametundika ukutani nakala ya mchoro wa kale kutoka Ulaya. Wenyeji wa Amerika walikuwa nusu uchi, manyoya kichwani na kiunoni, na mmoja wao alikuwa akichoma mkono wa binadamu. Mwalimu alinichagua mimi niigize mwanamke wa katikati ya mchoro kwenye onyesho la shule, kwa kuwa, alisema, rangi yangu ilifaa. Taji la manyoya lilinibana. Gundi mbichi ilinichuruzika shingoni.

Mama aliingia akiwa bado na sare yake ya uuguzi. Kwetu mwalimu hakubishiwa mbele ya mtoto. Mama alimsalimu mwalimu, akamwuliza habari za nyumbani, ndipo akaugeukia mchoro.

“Huyu mchoraji alifika kwa watu hawa?”

“Hapana. Alisimuliwa na mabaharia.”

Mama aliutazama mchoro, kisha akanitazama mimi.

“Basi hao hakuwaona,” alisema kwa upole. “Huyu mimi namwona kila siku.” Kisha, kwa Kiswahili: “Simama wima, mama.”

Alilivua taji taratibu, akinasua nywele zangu kwenye gundi, akamkabidhi mwalimu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Sasa binti yangu amevaa taji lake, ananiuliza kama limempendeza. Nimenyoosha mikono yote miwili, nilivue taratibu.