Maombi Mawili Ukingoni mwa Mto

Enzi zetu, chini ya mji wa Haydom kuelekea mlima Hanang, mtoto aliyeamka bila kuwapa wakubwa shikamoo alicheleweshewa uji. Tulicheza rede kwa mpira wa matambara mpaka miguu inapauka, na Jumapili tulisuguliwa magoti kwa jiwe, tukapelekwa kanisani. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Majirani zetu Wabarbaig walimwomba Aseta, neno ambalo kwao ni Mungu na ni jua pia. Baba alituambia, "Hao hawamjui Mungu." Tuliamini, ingawa maziwa yao tulikunywa kila siku.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi mama alishikwa na uchungu, siku mbili mtoto hatoki. Baba na majirani wakambeba kwa machela kwenda hospitali, mimi nyuma na kanga zake. Tulikuta mto umefurika. Vijana wanne wa Kibarbaig waliokuwa wakinywesha ng'ombe walikubali kumvusha. Baba akaomba, tukasema amina. Kisha Mama Gidamis, jirani Mbarbaig aliyetuletea maziwa kila siku na aliyekuwa ametusindikiza, akamimina maziwa kidogo ya kibuyu chake majini, akainua uso. "Aseta..."

"Acha!" baba alifoka. "Huyo si Mungu wetu."

Mama Gidamis akashusha uso. Vijana wakatazamana, machela ingali chini.

Mama akasema kwa sauti ndogo, akimwita baba kwa jina langu, "Baba Yulita, mwache amalize. Mimi ndiye ninayekufa."

Baba akavua kofia. Sikujua kama ni heshima au ni jasho. Mama Gidamis akamaliza maombi yake, vijana wakaingia kwenye maji ya kifuani, machela mabegani.

Mdogo wangu Neema alizaliwa hospitalini jioni ile, na mama akapona. Nilimuuliza baba ni Mungu yupi aliyesikia. Akasema, "Mimi namjua ninayemwomba. Anayemsikia Mama Gidamis, sijaambiwa ni nani." Hakusema tena kwamba hawamjui Mungu.

Siku hizi wanangu wanabishana swali hilohilo kwenye simu. Mistari ya Biblia wanaijua kuliko sisi, na kila mmoja huwa ameshinda. Juzi niliwauliza ni lini mara ya mwisho walikaa na mtu wa dini nyingine, wakamsikia akiomba. Wakarudi kwenye simu zao.