Kati ya Nafuu na Uzima

Mtu alipotoka hekaluni akilia na kucheka kwa pamoja, Athanadas hakumpongeza. Alimtazama miguu, akamtazama mikono, kisha akamwambia arudi baada ya siku tisa.

"Siku tisa za nini tena? Mungu amenigusa. Nimeamka sina maumivu."

"Nakuamini. Na jiwe langu halikimbii. Kaa, kula, gombana na mkeo kidogo. Siku ya tisa ikikukuta bado hujambo, njoo tuandike."

Kibanda chake kilikuwa chini ya hekalu la Asklepio, mungu wa uponyaji, ambamo wagonjwa walilala usiku wakingoja awaguse ndotoni, pale njia inapoiacha misonobari na kuteremka kuelekea mji wa Epidauro na bandari yake. Kwa miaka thelathini na minane yeye ndiye aliyechonga shukrani za waliopona. Mkaidi hasa. Kiwete aliyesema anatembea alitumwa kisimani kuleta maji ya kunolea patasi. Mfinyanzi aliyesema vidole vyake vimefunguka alitupiwa bonge la udongo. Bubu aliyepata sauti alitakiwa kumwita mmoja wa mbwa wa hekalu kutoka ng'ambo ya bonde, na mbwa asipogeuka, siku tisa zilianza upya.

Sosilas, mtumishi wa hekalu aliyemletea maneno ya kuchonga, hakuacha kumsema.

"Mungu kashasema ndiyo, wewe unasema ngoja. Hivi kati yenu mkubwa nani?"

"Mungu. Ndiyo maana hana haraka."

"Siku moja atakupofua, uje ulale mle ndani, nasi tukuambie subiri siku tisa."

"Mniambie. Nitasubiri."

Maneno ya kazi yake hayakuwa mengi, lakini aliyajua kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake. Dogo kuliko yote lilikuwa anesis, nafuu. Hilo ni neno la wapiga kinubi, la uzi uliokazwa ukilegezwa: uzi bado upo, kigingi bado kipo, umepumzika tu. Likaja anapsukhe, ule ubaridi unaompata mtu shingoni akiwa kapanda na mzigo, upepo ukamjia. Anashukuru, ila mlima haujaisha. Kisha "alitoka mzima", maneno mawili ambayo kila mgonjwa aliyataka. Na juu kabisa lilikaa apokatastasis, kurejeshwa mahali pake. Waunga mifupa husema hivyo bega lililoteguka likirudi kwenye tundu lake, na miji husema hivyo watu waliofukuzwa wakirudishiwa mashamba yao. Hilo Athanadas alikuwa amelichonga mara mbili tu maishani.

Watu walidhani ni ubahili. Hawakumjua alipokuwa kijana, mikono miepesi, akichonga chochote alicholetewa. Siku hizo alimchongea baharia mmoja wa mji wa Hermione kuwa alitoka mzima, akazitia herufi rangi nyekundu akiimba. Rangi ilikuwa haijakauka, baharia akafia njiani kabla ya kuiona bahari. Mwezi uliofuata mjane wake alipanda mpaka hekaluni, akasimama mbele ya lile jiwe. Hakujua kusoma. Akamwomba kijana mwenye patasi amsomee. Athanadas akasoma, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, akaligusa jiwe, akauliza kwa upole kabisa, "Sasa huyo mzima yuko wapi, mwanangu?"

Tangu siku hiyo hakuchonga neno ambalo hakuliona likitembea.

Binti yake mmoja, Arkhippa, alikuwa ameolewa Troizen, mwendo wa siku moja na nusu kusini. Mwaka huo, wakati wa kupura zeituni, tawi lilikatika akiwa juu. Alianguka kwa bega la kulia. Mfupa uliungwa, lakini mkono ukabaki unaning'inia kama kitu cha mtu mwingine, na maumivu yakawa hayamwachi. Mumewe, Hagemon, alimpandisha punda akamleta kwa baba yake ili alale hekaluni, kisha akarudi Troizen. Mtoto wao wa kike, Mika, wa miaka mitatu, alibaki kwa bibi yake.

Bibi huyo, Kallo, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke mwenye mgongo uliokwisha, nyumba isiyo na mtumwa, na kisima kilicho mbali. Alimwambia mwanawe mbele ya majirani: "Mimi siwezi kulea mtoto na kumlea na mama wa mtoto. Akipona arudi. Na nisiambiwe kapona kwa mdomo. Niletewe neno alilolichonga baba yake kwa mkono wake. Yule mzee hadanganyi, hilo hata mbuzi wa Troizen wanalijua. Asipopona akae kwao, na mtoto nitamkuza mwenyewe."

Arkhippa alilala hekaluni mara tatu. Asubuhi ya tatu aliamka hana maumivu. Alilia kwa raha, akala mikate miwili ya shayiri na jibini, akalala tena mpaka jua likawa kichwani. Mkono uliweza kupanda mpaka kifuani. Vidole viliweza kushika tini. Alipojaribu mtungi, hata mtupu, uliteleza ukavunjika.

Siku tisa zilipita, tini ikawa tini ileile, na mtungi wa pili ukavunjika. Siku ya kumi ikafika habari kwamba Hagemon yuko njiani, anakuja kulichukua neno.

Sosilas alikuja kibandani mapema, akaketi juu ya jiwe bila kukaribishwa.

"Leo usinichezee. Ni mwanao huyu. Andika alitoka mzima, akamchukue mtoto wake."

"Mkono hauinui mtungi."

"Utainua! Kesho, keshokutwa. Unaandika mapema kidogo tu."

"Yule baharia nilimwandikia mapema kidogo tu."

"Baharia, baharia! Miaka arobaini unamlisha baharia. Mwanao atakula nini?"

Sosilas alipoondoka, Athanadas alichukua kaa la moto lililozimika, akachora kwenye bamba jeupe la jiwe, herufi kwa herufi, kwa ule mpangilio wake wa safu zilizonyooka kama askari: Arkhippa binti Athanadas, mkono, alitoka mzima. Akarudi nyuma hatua mbili. Zilikuwa herufi nzuri. Alifikiri jinsi mkaa unavyofutika kwa kiganja, na jinsi patasi isivyofutika, na jinsi neno lake moja, kwa sababu ya miaka yote ya kukataa, lingeaminiwa na Kallo bila swali. Akiba yote ya ukweli wake ilikuwa pale, na angeweza kuitumia kununua uongo mmoja mkubwa.

Arkhippa alimkuta hivyo.

"Nisomee, baba."

Alisoma.

"Basi chonga."

"Mwanangu..."

"Chonga. Umewaandikia watu wa Aigina, watu wa Argos, watu usiowajua hata majina ya mama zao. Mika ameanza kumwita bibi yake mama. Hagemon mwenyewe katuma kuniambia, akadhani ni kichekesho. Neno moja, baba. Sijawahi kukuomba kitu."

"Na siku ya kwanza Kallo akikupa mtungi?"

"Nitaubeba."

"Ukivunjika?"

"Nitasema nimeteleza."

"Na wa pili?"

Arkhippa alikaa chini kwenye vumbi la mawe, akauweka mkono wa kulia mapajani kwa kutumia wa kushoto, kama mtu anayemlaza mtoto. "Nakuchukia wewe na maneno yako," alisema. Hakupandisha sauti.

"Najua."

"Kwa hiyo nibaki hapa? Nizeeke hapa nikisikiliza nyundo?"

Athanadas aliutazama ule mkono. Alitambua, kwa namna ya kuumiza, kwamba maisha yake yote alikuwa amefanya kazi moja ya kupima: hii ni nafuu, huu ni uzima, na katikati pana pengo. Alikuwa amewaonyesha watu lile pengo, akawaacha wasimame ukingoni. Hata siku moja hakuwa ameshuka ndani.

Akafuta mkaa kwa kiganja. Arkhippa aliona, akageuza uso. Mzee akachora upya, kisha akashika nyundo, na mpaka jua linapinduka akawa amekwisha: Arkhippa binti Athanadas, mkono, maumivu yameondoka, alipata nafuu. Akayanakili yaleyale kwenye kigae. Halafu akafanya jambo ambalo Sosilas alilisimulia mwaka mzima: akazifunga patasi zake zote kwenye ngozi, akafunga mlango wa kibanda, akavaa viatu vya safari.

Hagemon alifika jioni, akakisoma kigae taratibu, midomo ikicheza.

"Nafuu," alisema. Uso ulimshuka. "Baba, mama hatakubali hii. Unamjua."

"Hiyo ndiyo iliyopo. Kesho tunakwenda wote watatu."

"Wewe unakwenda kufanya nini?"

"Kazi."

Walifika Troizen siku ya pili. Kallo alikuwa uani akipepeta shayiri, na Mika, alipomwona mama yake, alijificha nyuma ya nguo ya bibi akachungulia kwa jicho moja. Arkhippa alisimama palepale, hakumlazimisha. Hagemon alimsomea mama yake kigae.

"Nafuu?" Kallo aliuweka ungo chini. "Mkwe, umetembea siku mbili kuniletea nafuu? Nafuu inachota maji? Nafuu inasaga?"

"Haichoti. Haisagi."

"Basi tulikubaliana."

"Tulikubaliana nisikudanganye, sikukudanganya. Mwanangu hajawa mzima. Kilichobaki kati ya nafuu na uzima nitakibeba mimi. Mtungi uko wapi?"

Kallo alidhani hakusikia vizuri. "Mtungi wa nini?"

"Wa maji. Nitalala bandani kwa punda, chakula changu nitanunua kwa kuchonga makaburi ya watu wenu. Asubuhi na jioni nachota mimi. Kusaga nasaga mimi. Siku mkono wake ukiweza, nakwenda zangu."

"Mwanamume mzima! Mzee wa watu! Unataka kunifanya kichekesho mji mzima?"

"Kichekesho nitakuwa mimi. Wewe utakuwa na maji."

Akauona mtungi mwenyewe mlangoni, akaubeba.

Pale kisimani palikuwa na wanawake kumi au kumi na wawili. Mmoja akashindwa kujizuia.

"Babu, umepotea? Sokoni ni kule."

"Sijapotea."

"Basi umesahau ngata! Kichwa hicho hakina hata nywele za kuzuia mtungi!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Athanadas naye alitabasamu, akajaza mtungi, akaujaribu begani, maji yakammwagikia mpaka miguuni. Mwanamke yuleyule aliyemcheka alivua ngata yake, akamwekea kichwani, akaunyoosha mtungi. "Shingo iwe ngumu, macho mbele. Usitazame miguu. Ukitazama miguu umekwisha." Mzee aliyetazama miguu ya watu miaka thelathini na minane aliinua macho, akaenda.

Siku ya kwanza alivunja mtungi mmoja. Siku ya tatu shingo haikugeuka, na ilimbidi azungushe mwili mzima ili amtazame mtu. Lakini maji yalifika. Alisaga akiwa amepiga magoti kama wanawake, viganja vyake vilivyozoea nyundo vikatoka malengelenge mapya mahali papya. Arkhippa alipika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukishika kifuniko. Mika alihama kutoka nyuma ya nguo ya bibi mpaka kizingitini, kutoka kizingitini mpaka jikoni, kila siku hatua mbili tatu, na hakuna aliyemwita.

Mjini walisema kila kitu. Walisema mzee ana wazimu, walisema ana deni kwa Kallo, kisha, kwa kuwa kila asubuhi alipita tena, walianza kusema jambo jingine: kwamba Kallo anamuua baba wa watu kwa ajili ya mtungi wa maji.

Siku ya kumi na mbili Kallo alimfuata kisimani akihema, mkono kiunoni.

"Lete hapa!"

"Mgongo wako, mkwe."

"Mgongo wangu ni wangu. Lete! Nimechoka kutajwa."

"Sikukuahidi kwamba hutatajwa."

Alishika kishikio kimoja cha pembeni, Athanadas hakuachia cha pili. Walivutana mbele ya wanawake wote, maji yakiruka, mpaka wakagundua kwamba mtungi ukishikwa hivyo, huku na huku, haumlemei yeyote. Hakuna aliyekubali kwa maneno. Walianza tu kutembea, yeye upande wa juu wa njia, Kallo upande wa chini, wakilaumiana kwa kila jiwe.

"Umeinua sana upande wako."

"Wewe ndiye mfupi."

"Na mkono wake usipopona kabisa?" Kallo aliuliza walipofika kwenye mteremko.

"Sijui. Mimi huandika nilichokiona."

"Mtu mgumu wewe. Sijui marehemu mkeo alikuvumiliaje."

"Hakunivumilia. Alikuwa akinirushia vyungu."

Kallo alicheka kwa mara ya kwanza, akamwaga maji, akamlaumu yeye. Uani palikuwa kimya. Walimkuta Arkhippa ameketi karibu na jiko, na Mika amelala, kichwa kwenye mkono wa kulia wa mama yake, ule usioweza mtungi. Ulikuwa umekufa ganzi chini ya uzito ule, mtu angeweza kuona usoni mwake. Kallo alitaka kumchukua mtoto.

"Mwache," Arkhippa alinong'ona. "Huyu naweza."