Vile Wivu Ulimharibia Mwalimu Theuri Siku ya Vocha

Kuna mwalimu mkuu mmoja huku Tetu ambaye kila asubuhi alisimama kwa lango la shule yake, na si wanafunzi wake aliokuwa akiwangoja.

Alikuwa anangoja basi la shule ya mtu mwingine lipite.

Basi la manjano, limeoshwa likang'aa, linashuka katikati ya mashamba ya majani chai likiokota watoto wa Tetu na kuwapeleka mtaa wa Skuta, pale Nyeri mjini.

Likishapita, Theuri anaingia ofisini, na chai haishuki.

Mwenye basi alikuwa Watiri. Zamani alikuwa naibu wake, tena mtulivu, wa kubisha mlango kabla ya kuingia. Siku moja akaacha kazi ya serikali, akafungua shule yake ya kibinafsi. Theuri alicheka, akawaambia walimu, "Mpeni mwaka mmoja. Atarudi hapa kuomba kazi."

Hakurudi. Shule ikajaa.

Hata nyumbani jina hilo lilimfuata.

"Baba Shiku," mkewe Beth alimwambia jioni moja, "ati Madam Watiri amejenga maktaba. Umeiona?"

"Kwani mimi kazi yangu ni kuangalia maktaba za watu?"

"Nimeuliza tu."

Theuri akasukuma sahani kando. Beth akaitoa. Alikuwa ameshajua huo ugonjwa.

Sasa ukaja ule mswada wa vocha.

Mpango ulikuwa hivi: kila mzazi apewe vocha ya masomo, aipeleke shule yoyote anayotaka, ya umma ama ya kibinafsi. Mtoto akihama, pesa ya serikali inahama naye.

Walimu wakuu wa shule za umma walikasirika. Walijua shule za mashambani zitabaki na madawati na ukungu wa mlima. Wakaitana, wakakubaliana kuupinga, na wakamchagua Theuri awe msemaji wao. Theuri akishika maiki, watu husikiza.

Kingori, mwalimu mkuu mwenzake wa Othaya, alimvuta kando.

"Theuri, ongea juu ya watoto. Usiguse mtu."

"Nimguse nani?"

"Unajua ni nani."

Kamati ya bunge ilikuja Nyeri kusikiliza maoni ya wananchi. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama nje. Theuri aliingia na suti yake ya kijivu, hoja zote zimepangika kichwani.

Halafu akamwona Watiri, amekaa safu ya mbele.

Wazazi walikuwa wanapanga foleni kumsalimia. Mbaya zaidi, walimu wakuu wawili wa shule za umma, watu wa upande wake mwenyewe, walikuwa wamemwinamia wakicheka naye.

Mimi ndiye msemaji, Theuri aliwaza. Mbona hakuna mtu amekuja kunisalimia mimi?

Jina lake likaitwa. Akashika maiki.

"Huu mswada umeletwa kufaidisha watu fulani," alianza. "Watu wa mabasi ya manjano. Wengine wao ni sisi tuliwafunza kazi. Walikuwa wanashindwa kunyamazisha darasa moja, leo wanaitwa wakurugenzi."

Watu wakaguna. Kuna mmoja nyuma alicheka, na kicheko hicho kikampa moto.

"Huyo hapo mbele ananiibia watoto. Kila asubuhi anapita kwa lango langu akiokota watoto wangu kama mtu anaokota parachichi za jirani."

"Mwalimu," mwenyekiti wa kamati akamkatiza, "tuambie kuhusu mswada."

"Nakuja hapo."

Lakini hakufika. Muda wake uliisha akiwa bado kwa Watiri. Alipokaa, Kingori alikuwa anaangalia viatu vyake.

Watiri akainuka. Theuri akajikaza, akingoja kuchomwa mbele ya kaunti nzima.

"Mimi niko na shule ya kibinafsi," Watiri alisema, kwa sauti ile ile ya mtu anayebisha mlango. "Hii vocha ingenijazia madarasa. Lakini naipinga."

Waliosimama nje wakasogea mlangoni.

"Mimi nachagua watoto. Nisiwadanganye. Mwaka jana alikuja msichana anaitwa Ngendo, alikuwa amejifungua. Wazazi wa shule yangu wakasema hawataki asome na watoto wao. Kukaja mwingine anaanguka kifafa. Hao na wengine wengi nilikataa kuwachukua. Kila mmoja nilimwambia, nenda Tetu, kwa Mwalimu Theuri. Na hakuna hata mmoja alirudishwa."

Akaigeukia kamati.

"Mkimpunguzia pesa, shule yake ikifungwa, hao nitawaambia waende wapi?"

Theuri alimjua Ngendo vizuri sana. Alikuwa anajisifu naye kwa mikutano ya wazazi, akisema watoto kama yeye wamekuja wenyewe kwa sababu ya jina lake zuri.

Kumbe ni Watiri aliyekuwa akiwatuma kwake.

Na nikuambie ukweli: hakuhisi shukrani. Alihisi wivu ukimkaza zaidi, kwa sababu hata wema wake mwenyewe sasa ulikuwa umetangazwa na yule mwanamke, tena kwa maneno mazuri kuliko yake.

Theuri alimpata Watiri nje, karibu na ngazi.

"Kwa nini hukunijibu?"

"Wewe uliongea juu yangu, Mwalimu. Mimi nilikuja kuongea juu ya watoto."

"Na ungeniambia ni wewe unawatuma."

"Ningekuambia, ungewachukua?"

Theuri akageuka, akashuka ngazi.

Mswada ulirudishwa uandikwe upya, na mpaka leo haujasomwa tena. Watu wanasema ni maneno ya Watiri yaliufanya ukwame. Walimu wakuu walichagua msemaji mwingine, na Kingori ndiye alitumwa kumwambia Theuri.

Ngendo bado anasoma Tetu. Juzi Watiri alimleta msichana mwingine, safari hii akaja naye mwenyewe mpaka ofisini. Theuri alimwandikisha. Chai hakuwakaribisha.

Anajaribu, lakini bado.

Theuri alikuwa na haki siku ile, na hoja alikuwa nazo. Kwa hivyo ndugu yangu, kabla hujashika maiki kupigania kitu, jiulize kama unataka hicho kitu kisimame, ama kuna mtu tu unataka aanguke.