Mlima Ulionichelewesha

Mimi ni mtu wa mpunga wa Bugarama, na mpunga ndio ulionipeleka Ujapani kwa mafunzo ya miezi mitatu, mwaka ule watu wa Bukavu walipoanza tena kunong'ona habari za vita. Nyumbani Kamembe nilimwacha mdogo wangu na mimba ya miezi mitano, na kichwa kigumu kuliko changu.

Alitaka kuvuka daraja la mpakani aende Bukavu, upande wa Kongo, kumchukua mama mdogo, aliyetulea tangu mama yetu afe, na ambaye sasa miguu haimbebi. Kwetu mdogo hafanyi safari kama ile bila kumuuliza yaya, dada yake mkubwa. Akaniambia kwa simu ya parokia: "Yaya, siku ya Yenga saa mbili za asubuhi nitakuwa hapa. Ukikataa, siendi. Simu isipolia, nitajua umekubali." Laini ikakatika kabla sijafungua mdomo. Jibu nilikuwa nalo tayari: hapana. Mwenye mimba haendi mahali panaponuka baruti. Ijumaa nilipiga, Jumamosi nilipiga, haikupita. Ikabaki Jumapili, hiyo Yenga yenyewe, saa tisa mchana kwa saa za Ujapani.

Jumapili hiyo mwalimu wetu na mke wake wakanichukua kwenda kutembea. Walikuwa wazee, naye mwalimu alijua Kifaransa kidogo. Nikawaita Papa na Maman, maana watu wa umri ule ningewaitaje? Tukafika kwenye mji mdogo chini ya mlima: barabara moja iliyofagiliwa kama ukumbi wa kanisa, duka la figili za chumvi, mabibi waliotutazama kwa adabu. Mgeni kuku mweupe, na mimi nilikuwa mweusi, basi walinitazama maradufu. Karibu na stesheni niliona kibanda cha simu ya kijani. Nikanunua kadi yake palepale.

"Papa," nikasema, "saa tisa lazima nipige simu nyumbani."

"Ndiyo, ndiyo. Kwanza juu."

Tukapanda. Ngazi za mawe, miti mirefu, na kila mmoja wetu amefungiwa kengele kiunoni ili dubu asikie akimbie. Mimi mtu mzima nikalia kengele kama mbuzi wa sokoni. Siku nyingine ningecheka hadi nikae chini.

Juu palikuwa na hekalu dogo la mbao. Maman akatandika kitambaa, akatoa wali aliouviringa kwa mikono tangu alfajiri, mboga, mayai, chai. Saa saba na nusu. Kwetu mgeni haondoki kwenye chakula kabla ya mwenye chakula, wala hamharakishi. Nikala. Wakaniuliza kama nimechoka, nikasema hapana. Wakauliza kama nataka kuona upande wa pili, mashamba ya mpunga yalivyopangwa bondeni, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nikasema ndiyo. Mjinga mimi! Wanasema heshima si utumwa. Siku ile ilikuwa utumwa mtupu.

Kushuka, goti la Papa likamkatalia. Akawa anashuka ngazi moja, anapumzika, ananiomba samahani. Nilikuwa na miguu mizima, ningeweza kukimbia nifike chini kwa dakika ishirini. Nikamshika mkono. Saa tisa ilinikuta katikati ya miti, nikaitazama ikipita.

Nilifika kwenye simu saa kumi kasorobo. Akapokea mlinzi wa parokia.

"Amekungojea sana, maman. Akasema yaya amekubali. Ameenda."

"Mkimbilie! Mrudishe!"

"Maman, saa hii ameshavuka."

Wazee walisimama mbali kidogo ili wasinisikilize. Nilipotoka Papa akauliza kama nyumbani wako salama. Nikasema wako salama, asante kwa matembezi mazuri. Wakainama, nami nikainama, huku nataka kulala chini pale barabarani nilie.

Vita vikaanza siku chache baadaye, na mpaka wa pale darajani ukafungwa. Mafunzo yalipokwisha nilirudi Kamembe nikakuta kufuli mlangoni. Kila asubuhi nilishuka darajani, nikasimama na wengine wenye watu wao ng'ambo, tukitazama. Hakuna lingine la kufanya.

Walivuka alasiri moja. Mdogo wangu alikuwa amembeba mama mdogo mgongoni, na tumbo lake mwenyewe lilikuwa limelala. Hesabu ya miezi tisa ilikuwa haijatimia. Nikampokea mama mdogo, nikambeba mimi.

Nyumbani mama mdogo akaketi kitandani kwangu, akanishika mikono yote miwili. "Aksanti, mwanangu," akasema. "Bila ruhusa yako ningekufa peke yangu mule ndani." Mdogo wangu alikuwa mlangoni, ananitazama, anangoja jibu langu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni mimi niliyemruhusu."