Mji Nilioutoa Mchana

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, huko kwetu juu ya Mwatate, vitendawili vilikuwa na saa zake. Nyanya, aliyemzaa marehemu baba yangu, hakuruhusu hata kimoja kitegwe kabla mbuzi hawajafungiwa. Alisema anayetega mchana huwafungia njia walio safarini, wasirudi nyumbani.

Alivijua vya kila namna. Vilikuwepo vya shambani, vya viungo vya mwili, vya kuimbwa, na vile vya mawe, ambapo unapanga kokoto chini na kuwavusha mto chui, mbuzi na majani bila mmoja kumla mwenzake. Nilipomuuliza vilitoka wapi, alinijibu kwamba vilitoka kwenye njaa. Zamani mama asiye na chakula alibandika chungu cha maji matupu, akawapa watoto fumbo la kuwaza mpaka usingizi uwachukue. Kwa hiyo ni vya usiku. Mchana ni wa kutafuta chakula.

Mwaka huo mvua haikunyesha. Mama alikwenda Marungu kwa kaka yake kuomba mahindi, akambeba mgongoni mdogo wangu Mwadime, ambaye alikuwa hajaanza kutembea. Nilibaki na Nyanya na binamu yangu Wakesho, aliyenizidi miaka mitatu na maneno mengi.

Ijumaa tulikaa kisimani tangu asubuhi, tukingoja maji yajikusanye kidogo kidogo tuyateke kwa kata. Wakesho akachoka.

"Kitendawili."

"Ni mchana," nikasema.

"Kwani Nyanya yuko hapa? Sema tu unaogopa kushindwa."

"Haya, tega."

"Babu ana askari wengi wenye mikuki, na hawajawahi kupigana."

Nikajaribu siafu, nikajaribu nungunungu. Akanicheka mpaka akakaa chini.

"Nipe mji."

"Chukua Mombasa."

"Mombasa nimeshapewa mara ngapi? Nataka mji wenye mtu wako."

Mtu wangu alikuwa mahali pamoja tu. Nikasema, "Chukua Marungu."

Akasimama, akajigamba kama ilivyo desturi. "Nimekwenda Marungu, nimepokewa, nimekula nikashiba. Sasa mji ni wangu. Nimefunga lango, hatoki mtu." Kisha akanipa jibu. Ni mkonge, ule ule niliouona kila siku tukishuka sokoni.

Jumamosi Mama alirudi akisindikizwa na mjomba. Mjomba alibeba mahindi. Leso ya kumbebea Mwadime ilikuwa imekunjwa mkononi mwa Mama. Ni homa, mjomba akasema. Wamemzika huko huko.

Kesho yake nilimfuata Nyanya nyuma ya nyumba, akichambua kunde, nikamweleza yote. Mikono yake ikasimama.

"Ulimpa Marungu?"

"Ndiyo, Nyanya."

Akazirudia kunde zake. "Mama yako asijue."

Hakusema nina kosa, wala hakusema sina. Hakututegea tena kitendawili mpaka alipofariki.

Nilikaa na jambo hilo miaka kumi na minne. Jina la Mwadime sikulitamka nyumbani. Niliogopa kwamba nikilitaja tu, Mama ataniona usoni. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Mama alikuja kunitunza, na asubuhi moja, akimwogesha mtoto, nikashindwa kujizuia. Nilimwambia kuhusu kisima, na mji nilioutoa.

"Ilikuwa siku gani?" akauliza.

"Ijumaa. Mlirudi kesho yake."

Hakugeuka. Aliendelea kummwagia mtoto maji mgongoni. "Mwadime alifariki Jumatano. Tukamzika Alhamisi."

Nilidhani nikisikia neno kama hilo nitapumua. Sikupumua. Simlaumu Nyanya. Nadhani aliogopa kwa ajili yangu, na labda alijiogopa mwenyewe, maana ndiye aliyetufundisha. Lakini swali dogo la siku gani lingetosha, na hatukuliuliza, kwa sababu sote wawili tulikuwa tukimficha Mama.

Mama alimfunga mtoto kitambaa, akanipa nimnyonyeshe. Ndipo akaniambia kwamba miaka yote ile, kwa kuwa sikumtaja Mwadime hata mara moja, alidhani nimemsahau. Kwa hiyo alimlilia peke yake, katika nyumba ile ile niliyokuwa nikilala.