Mkalimani Aliyerudi Kuyatafuta Maneno Aliyoyakata

Saa tatu na robo asubuhi, Jumatatu, Kathini Mwau amesimama mahali pake pa kila siku katika mahakama moja ya kaunti ya Makueni, hatua mbili kutoka kizimbani. Mzee anayeshtakiwa kwa kukata miti ya jirani ameulizwa kama shtaka ni la kweli. Anajibu kwa Kikamba, na jibu lake ni refu. Anaanzia mwaka ambao marehemu baba yake aliweka mpaka wa shamba.

Mwendesha mashtaka anatazama saa. Hakimu anainua kalamu.

"Mama Kathini, anakubali au anakataa?"

"Mheshimiwa, bado anaongea. Naomba amalize, kisha nitasema yote."

Mzee anamaliza. Kathini anayarudia maneno yake kwa Kiswahili, hata yale yasiyoonekana kuhusu miti hiyo. Hakimu anaandika kwamba mshtakiwa amekana shtaka, na kesi inapangiwa tarehe ya kusikizwa.

Kwenye orodha ya wafanyakazi, Kathini, mwenye umri wa miaka 46, ni msaidizi wa mahakama. Huita kesi, hupanga faili, na hutafsiri. Ni kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minane. Wengi wanaomwona pale hawajui kwamba mama huyu wa watoto watatu kutoka Kilungu amehitimu shahada ya uzamili ya sheria mwaka huu.

"Wenzangu huniuliza mbona sikuwa wakili," anasema. "Nawaambia sikusoma ili nihame. Nilisoma kwa sababu ya kitu nilichokifanya nikiwa nimesimama hapa katikati."

Kitu hicho alikificha kwa miaka kumi.

Mwaka 2014 Kathini alikuwa akifanya kazi katika mahakama moja ya kaunti jirani ya Kitui. Alikuwa kwa mkataba wa mwaka mmoja, na mkataba ulikuwa umebakisha wiki tano. Asubuhi hiyo ya Alhamisi kulikuwa na faili thelathini na moja mezani. Faili ya ishirini na sita ilikuwa ya mfugaji kutoka upande wa Mutomo, Ndolo Kitheka, aliyeshtakiwa kwa kuiba fahali wa binamu yake.

Aliposomewa shtaka, Ndolo alisema ni kweli alimchukua fahali huyo. Kisha akaendelea. Alisema fahali ni wa mama yake, Kanyiva. Wakati wa kiangazi mama alimpeleka kwa binamu huyo kwa sababu kule kulikuwa na maji, na mvua iliponyesha akamtuma Ndolo amrudishe nyumbani.

Kathini aligeuka kwa hakimu akasema maneno matano: "Anasema ni kweli, Mheshimiwa, alimchukua."

"Nilikuwa nimechoka, lakini uchovu si sababu," anasema sasa, akikunja kitambaa cha mkononi na kukikunjua. "Sababu ni kwamba nilizoea. Mtu akisema 'ni kweli', sisi huwa tumeshafunga masikio. Yale mengine tunaona ni ya kujitetea, atayasema baadaye. Na baadaye hakukuwa."

Maelezo ya kesi yaliposomwa, Kathini aliyafupisha pia: kwamba alimtoa fahali zizini kwa binamu yake na kumpeleka kwake. Ndolo akasema tena ni kweli. Alifungwa miaka minne.

Alipokuwa akiondolewa kizimbani, Ndolo alisema kwa Kikamba, bila kupaza sauti, kwamba hawakumsikiza hadi mwisho. Askari waliokuwa naye hawakujua Kikamba, wala hakimu. Mtu mmoja tu mle ndani ndiye aliyeelewa.

Kathini aliita faili ya ishirini na saba.

"Mfungwa ana siku kumi na nne za kukata rufaa," anasema. "Nilijua hiyo sheria hata kabla sijasoma sheria. Kila asubuhi nilikuwa naingia ofisini nikijiambia leo nitamwambia hakimu. Nilihofia mkataba. Siku ya kumi na tano ilifika, nikaona nimenyamaza."

Mkataba wake uliongezwa. Baadaye akaajiriwa kwa kudumu na kuhamishiwa Makueni, karibu na nyumbani. Mumewe, Mwau, mkulima wa parachichi, anakumbuka mke aliyebadilika. "Alikuwa akitoka kazini anakaa tu. Nikimuuliza anasema ni kichwa. Halafu siku moja akaniambia anataka kusoma sheria. Nikamwambia soma, kama itakurudishia usemi."

Alisoma shahada ya kwanza kwa miaka mitano, wikendi na likizo, katika chuo kikuu cha kibinafsi kilicho upande wa Malili. Shule yake ya sheria ni ndogo kabisa. Ina wahadhiri saba, madarasa matatu na maktaba ambayo zamani ilikuwa ghala la mbegu. Shule hiyo ilipofungua masomo ya uzamili mwaka 2022, Kathini alikuwa katika kundi la kwanza. Waliingia kumi na mmoja. Waliofika mwisho ni wanne.

Karo ya muhula mmoja ilizidi mshahara wake wa mwezi. "Kila mtu pale alikuwa na mzigo. Wa kwangu haukuwa pesa."

Aliamua kuandika tasnifu kuhusu ukalimani katika mahakama za mahakimu. Alisoma faili arobaini za kesi zilizokwisha, akapanga makosa ya wakalimani kwa mafungu, na kupeleka sura ya kwanza kwa msimamizi wake, Dkt. Mbula Nzioki.

Dkt. Mbula aliirudisha baada ya siku tatu. Hakuwa ameweka alama yoyote pembeni.

"Ilikuwa kazi safi," anasema mhadhiri huyo. "Lakini alikuwa amewahukumu wakalimani wote wa Ukambani, yeye mwenyewe hayumo. Nikamuuliza: 'Mama, wewe miaka yote hiyo hujawahi kukosea?' Akakaa pale alipokaa, akaanza kulia. Sikumwambia anyamaze. Nilifunga mlango."

Kathini alipomaliza kusimulia, Dkt. Mbula alimwambia kwamba kisa hicho kingeingia kwenye tasnifu kwa ruhusa ya Ndolo peke yake. Asipokubali, hakuna hata mstari utakaoandikwa. Na ruhusa hiyo angeiomba yeye mwenyewe, si kwa simu.

Agosti 2024, Kathini alisafiri hadi Mutomo. Alisindikizwa na Filsan Hamud, wakili kutoka Mwingi aliyekuwa mwanafunzi mwenzake darasani. "Njiani nilimwambia kitu kimoja tu," anasema Filsan. "Usiende kule kuomba upunguziwe. Nenda umwambie kilichotokea."

Walimkuta Ndolo akitengeneza ua wa zizi kwa matawi ya miiba. Ana umri wa miaka hamsini sasa. Alikuwa ametumikia miaka miwili na miezi minane, akapunguziwa muda uliobaki kwa tabia njema. Mama yake, Kanyiva, alifariki Ndolo akiwa gerezani, naye hakumzika. Fahali alirudishwa kwa binamu.

Kathini alijitambulisha kwa jina na kazi. Ndolo aliendelea kusuka miiba.

"Ni wewe ulikuwa umesimama pale?" akauliza.

"Ni mimi."

"Nilidhani ungekuwa mrefu zaidi."

Kathini alimweleza yote akiwa amesimama, kwani hakuwa ameambiwa aketi. Alimwambia alimsikia tangu mwanzo hadi mwisho, akasema kipande. Alimwambia pia kuwa alimsikia akilalamika alipotolewa, na akanyamaza.

Ndolo aliuliza ni kitu gani kiliandikwa siku ile.

Kathini alikuwa na nakala ya kumbukumbu za kesi iliyopigwa muhuri. Aliifungua na kumtafsiria kwa Kikamba, mstari kwa mstari, bila kuruka hata tarehe. Ilikuwa nusu ukurasa.

"Ni haya tu?" akauliza Ndolo.

"Ni haya tu."

"Miaka yote nilidhani hakimu alisikia habari ya mama yangu, akaona ni uongo." Aliweka panga chini. "Kumbe hakuambiwa."

Filsan anasema hapo ndipo alipotembea hadi kwenye gari, kwa sababu hakutaka kuonekana akilia.

Ndolo alimwita mtoto wa kaka yake alete viti. Walipoketi alimwambia Kathini: "Mwaitu, sasa andika." Hilo ni neno la heshima ambalo Mkamba humwita mama. Alisema tena jibu lake la mwaka 2014, na safari hii halikukatwa. Lilichukua dakika arobaini. Kathini alijaza kurasa sita kwa mkono, akamsomea zote, naye akasahihisha mahali pawili.

Alikubali kisa kitumike, ila kwa masharti. Jina lake lisifichwe. Na jina la mama yake liandikwe, pamoja na kwamba fahali alikuwa wake.

Kamati ya maadili ya chuo ilisita, kwani ni desturi kuficha majina ya washiriki wa utafiti. Dkt. Mbula alifika mbele ya kamati mara mbili. "Niliwaambia mtu huyu alinyang'anywa maneno yake na mahakama. Sisi tutamnyang'anya na jina?" Kamati ilikubali baada ya Ndolo kuweka saini yake mbele ya chifu.

Filsan naye alikuwa na jambo lake. Alimwomba Ndolo amruhusu kwenda Mahakama Kuu kutafuta ruhusa ya kukata rufaa, ingawa muda ulikuwa umepita kwa miaka kumi. Kwa hilo alihitaji kiapo cha mkalimani kuhusu kile Ndolo alichokisema siku ile.

Mwau alimwuliza mkewe kama anajua kiapo hicho kinaweza kumfanya afutwe kazi. Kathini akajibu kuwa anajua. "Nilimwambia sawa," asema Mwau. "Nikaenda shambani. Sikutaka aone uso wangu."

Kathini alikula kiapo Oktoba. Mwezi uliofuata alipata barua ya kumtaka ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu. Alijibu kwa ukurasa mmoja, akakiri. Kwa miezi minne hakusimama mahakamani. Alipelekwa chumba cha kuhifadhi faili, na baadhi ya wenzake wakaacha kunywa chai naye. Mmoja alimwambia amewaharibia kazi wakalimani wote.

"Huyo simlaumu," anasema. "Alikuwa anaogopa kitu kile kile nilichokiogopa mimi."

Februari mwaka huu jaji wa Mahakama Kuu alifuta hatia ya Ndolo Kitheka, akisema jibu lake halikuwa la kukiri kosa. Uamuzi ulisomwa kwa Kiingereza. Mkalimani aliyekuwa zamuni, kijana asiyemjua Kathini, alimtafsiria Ndolo. Kathini alikuwa ameketi kiti cha nyuma kabisa. Anasema alisikiza kila neno, na hakuna lililopotea.

Nje, Ndolo aliwaambia watu wa kwao kwamba mama yake si mama wa mwizi. Alimpa Filsan mkono, halafu akampa Kathini mkono.

Kathini aliadhibiwa kwa onyo la maandishi na kunyimwa nyongeza ya mshahara kwa miaka miwili, kisha akarudishwa mahakamani. Tasnifu yake alipoitetea Juni, mmoja wa watahini alimuuliza kama haoni kuwa utafiti wake umeegemea upande mmoja. Alijibu kuwa umeegemea, na kwamba amesema hivyo kwenye ukurasa wa kwanza. Alipita.

Je, Ndolo amemsamehe?

Kathini anajibu: "Sijamuuliza. Hilo si jibu la kumwekea mtu mdomoni. Nimewahi kumwekea moja, likamfunga."

Shule ile ndogo imeomba kibali cha kuanzisha shahada ya uzamifu, na Kathini tayari amepeleka pendekezo lake. Anataka kukusanya maneno ya sheria kwa Kikamba, neno moja moja, pamoja na wazee na mawakili, ili mkalimani asilazimike kubahatisha mbele ya mtu anayeweza kufungwa. Anajua kibali kinaweza kuchukua miaka.

Kibali hicho kinapongojwa, yeye, Filsan na Dkt. Mbula wameandaa mafunzo ya wiki mbili kwa wakalimani wa mahakama za Kitui na Makueni. Yataanza Desemba, mahakama zikiwa likizo. Kumi na wawili wamejiandikisha, akiwemo yule aliyemwambia amewaharibia kazi.

Somo la kwanza ameshalipanga. Kila mkalimani atasimama kizimbani, peke yake, na Filsan atamsomea mashtaka kwa Kisomali, lugha ya kwao. Hakuna atakayemtafsiria.

"Wasimame pale dakika kumi bila kuelewa kitu," anasema Kathini. "Halafu tutaanza."